Mzee Aliyenyamaza Gizani

Mama, habari ya nyumbani? Doha joto linapita hata soli za viatu.

Jana nililinda ukumbi uliokuwa ukionyesha sinema isiyo na sauti ya mwongozaji Mjapani wa zamani. Nikasikia mzee akiongea gizani, nikamwendea na tochi nimtoe. Kumbe ndiye msimulizi, anawasemea waigizaji wote! Mama mmoja kwenye picha akafungua mlango, mzee akapiga mayowe kwa sauti ya kike. Nikazima tochi. Mara picha ikakatika, mzee kimya. Tukaelezwa kwamba mwongozaji alitengeneza filamu maisha yake yote, karibu zote zikaungua; ya jana kimebaki kipande hicho tu.

Tangu hapo nina hofu. Picha zako ninazo tele, Mama, lakini sauti yako sina. Nirekodie leo, hata ukinigombeza.

Mwanao, Kevo