Presha ya Bi Indumati

Sangli, 3 Juni 1987

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje baada ya upasuaji? Huku sote wazima, ila mimi nimejitia matatani na darasa lako la yoga uliloniachia nifundishe.

Mrudula, mkwe wa Bi Indumati, alininong'oneza mlangoni kwamba ana mimba changa. Mbili za kwanza zilitoka, kwa hiyo hii anaificha hata kwa mama mkwe wake mpaka mwezi wa tatu utimie. Basi tulipofika kusimama kwa kichwa, yeye akabaki ameketi. Wanafunzi wa nyuma wakaanza: "We bibi harusi, umekuja kuhesabu feni?" Bi Indumati naye yuko hapo hapo, miguu juu, masikio wazi!

Nikaropoka: "Mwacheni, yuko kwenye siku zake."

Nimemkinga au nimemponza?

Mwanao,
Revati

Nashik, 9 Juni

Revati mwanangu,

Marahaba. Goti linakunjika, hasira bado.

Kumkinga ulifanya vizuri. Lakini kwa Bi Indumati mwenye siku zake hakanyagi jikoni, hukaa pembeni siku tatu. Mrudula akionekana anapika, mmeumbuka wote wawili. Na wiki ijayo utasema nini? Tena wewe huuliza maradhi mbele ya kadamnasi. Nani atataja mimba pembeni ya mama mkwe? Muulize kila mtu peke yake, anapovua viatu. Mrudula mlaze chali, mito mgongoni.

Shangazi yako

Sangli, 17 Juni

Shangazi,

Shikamoo, na pole na hasira. Mrudula alikumbuka kukaa pembeni. Bi Indumati alipika mwenyewe, akampelekea mikate ya mtama yenye samli tele.

Leo nikawauliza mmoja mmoja. Bi Indumati akanivuta mkono. "Binti, kudanganya hujui. Huyu, kabla ya uongo wako, alikuwa na miezi miwili hajakaa pembeni hata siku moja. Ndani ya nyumba yangu, nisijue?"

"Mbona humwambii?"

"Mara zile mbili nilishangilia mpaka mtaa mzima ukajua. Zilipotoka, akawa anaona haya kunitazama. Safari hii nangoja aseme mwenyewe." Akabeba mito miwili. "Watangazie nina presha. Nitalala naye upande wa wagonjwa."

"Unayo kweli?"

"Sina! Lakini akilala peke yake watamsakama."

Shangazi, mwanamke anayejisifia kusimama kwa kichwa Sangli nzima! Nilijificha nyuma ya pazia nikalia.

Revati wako

Sangli, 24 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Mwezi wa tatu umetimia salama. Mrudula amekuja na sahani ya vitamu vya ladu, akamwinamia mama mkwe wake miguuni, akamwambia mbele yetu sote.

Bi Indumati akapiga ukelele, akakaa chini kwa kishindo, akaapa kwa miungu yote kwamba hakushuku hata kidogo. Nikataka kucheka. Lakini ladu yake alishindwa kuila mpaka Mrudula alipomlisha.

Mwanao,
Revati