Linki Fupi ya Sauti ya Baba

Jumamosi, Kisoko, nyumbani kwa wazazi. Mvua imekatika, matope bado yapo. Leo nasikia wepesi mwilini, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Wiki nzima nimekuwa nahamisha linki nilizohifadhi kwenye simu miaka yote hii. Nyingi ni zile zilizofupishwa, herufi chache zisizo na maana, na kampuni iliyozifupisha imetangaza kwamba inafunga. Ikifunga, hazitafika popote. Kwa hiyo nafungua moja moja, nachukua anwani ndefu inakoelekea, kisha naweka nakala ya ukurasa wenyewe.

Za mapishi na mishono ya vitenge zilikubali bila shida. Niliyoiogopa ni moja: mahojiano ya Baba redioni, akieleza kilimo cha wimbi kwa Dhopadhola, lugha yetu, kabla kiharusi hakijamnyang'anya maneno. Rekodi nyingine hatuna.

Jana, kazini Busia, ng'ambo ya mpaka, nikaibonyeza. Ukurasa haupo.

Nikabonyeza tena, na tena. Wafula, karani mwenzangu, akasogeza kiti.

"Hebu usibonyeze tena," akasema. "Kwanza tuone ilikuwa inakutuma wapi."

Akaiingiza kwenye tovuti inayofunua linki bila kuifungua. Anwani ndefu ikatokea nzima, hadi jina la kipindi. Akaitafuta redio ile mtandaoni: kumbe ilibadilisha jina la tovuti yake, na linki yangu bado ilikuwa inabisha hodi kwenye jina la zamani. Wafula akalifuta, akaandika jipya, mengine akayaacha yalivyo.

Ikafunguka.

"Mzee anaongea Kijaluo?" akauliza.

"Dhopadhola," nikamjibu, na hapo ndipo machozi yalitoka.

Nikapakua yote. Nakala kwenye simu, nyingine kwenye kompyuta, nyingine nikamtumia Mama.

Leo nimevuka mpaka kuja kumsikilizisha Baba mwenyewe. Alisikiliza, mkono wake mzima juu ya goti. Sauti ilipofika kwenye nafasi kati ya mistari ya kupandia, akainua kidole. Nikasimamisha.

"Hapana," akasema polepole. "Hapo... nilikosea."

Mama alicheka hadi akashika ukuta. Tangu Baba augue, hatujamsikia akiunganisha maneno hivyo.

Kesho tukitoka kanisani nitamwomba Baba anieleze nafasi iliyo sahihi, nirekodi mwenyewe. Sijui yatatoka maneno mangapi.

Nitasubiri kila moja.