Shangazi Ataka Kung'olewa Jino Zima Apate Kusikia Mwisho

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama inawezekana unijibu kabla ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa saa nne asubuhi shangazi yangu ana miadi nami ya kung'olewa jino la mbele ambalo halina ugonjwa wowote, na jino hilo ni moja kati ya manne yaliyombakia kinywani, na anayesababisha yote haya ni mimi.

Mimi ni daktari wa meno. Kliniki yangu ni vyumba viwili juu ya duka la rangi, ngazi kumi na nane, na wengi wakifika juu wanakuwa wamekwisha badili mawazo. Mtu haogopi sana kung'olewa, anaogopa zile dakika kumi baada ya sindano, mnapokaa wawili mkisubiri ganzi ishike, yeye ametumbulia macho taa, wewe umeficha koleo nyuma ya mgongo kana kwamba umemletea zawadi, na hakuna la kuzungumza. Miaka ya mwanzo nilikuwa nauliza habari za nyumbani, lakini mwenye mdomo wa ganzi hujibu "aaah" kwa mema na kwa mabaya, nikawa sijui nimpe pole au hongera.

Basi mwaka huu mwanzoni akaja fundi bomba mmoja, pande la mtu, mabega yamejaa mlango, nikamchoma sindano, akaanza kushuka kitini anakwenda zake, na mimi bila kujua maneno yanatoka wapi nikasema kwamba palikuwa na bwana mmoja alimwambia mkewe anakwenda kwa jirani mara moja kuazima chumvi. Fundi alikuwa ameshatia mguu mmoja sakafuni. Ule mguu ukarudi kitini wenyewe. Nikaendelea, kwamba bwana yule kufika kwa jirani akakuta mlango umefunguliwa na mtu asiyemjua, na jino la fundi likatoka pale pale, wala hakusikia. Akatema, akauliza ikawaje, nikamwambia aje wiki ijayo nitazame kidonda. Alikuja baada ya siku tatu, na huyo ni mtu ambaye tangu azaliwe hajarudi kutazamwa kidonda.

Habari zikaenea, mshauri. Ikabidi dada wa mapokezi aandike kwenye kadi ya kila mgonjwa hadithi imefika wapi, huyu ameachwa bwana wa chumvi akiwa mpishi melini, yule ameachwa akiwa kifungoni kwa kosa la mtu mwingine, maana ukimrudisha mtu nyuma ananuna. Barazani walioko mbele wanawanyanyasa walioko nyuma, nasikia kabisa mtu anaambiwa anyamaze, yeye hata mlangoni kwa jirani hajafika. Wenye jino moja bovu wanaomba niligawe mara nne. Mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu alikuja akanionyesha gego zima kama jiwe, akasema linamuuma kwa vipindi. Nikaligonga. Akakaa kidogo, kisha akasema "ai", kama mtu aliyekumbushwa.

Naapa sijawahi kung'oa jino zima. Nawasafisha tu, nawasugua, nawapaka dawa, hata mtaani kwetu siku hizi watu wanaonekana wanacheka msibani kumbe ni meno yanang'aa yamekataa kufichika.

Sasa tatizo. Hadithi imefika mahali ambapo bwana yule amerudi, baada ya miaka kumi na moja, amegonga mlango wake mwenyewe, mkononi ana chumvi. Mke akafungua. Akamtazama kuanzia miguuni mpaka utosini. Akafungua mdomo. Na mimi sijui anasema nini. Huu ni mwezi mzima sasa, mshauri, na wagonjwa wangu wote mmoja mmoja wanawasili pale mlangoni na kusimama. Mke wangu alinishauri niseme lolote, nikamjaribia mwalimu wa hesabu, nikasema mke alisema karibu, wakaishi raha mustarehe. Mwalimu akainuka na kitambaa chake shingoni, akaniambia, "Daktari, nilikuwa nakuheshimu," akashuka ngazi.

Shangazi sasa. Ni dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita, alifanya kazi chumba cha kufulia nguo hospitalini mpaka akastaafu. Mumewe alifariki mwaka jana, alikuwa mpimaji wa malori kwenye mizani, na kila jioni shangazi akimenya viazi yeye alikuwa anamsimulia nani kasema nini kazini, na siku aliyofariki alikuwa katikati ya habari ya bosi wao aliyejifungia stoo, akasema ngoja ninywe maji nikumalizie, akaenda jikoni, ikawa ndiyo basi. Shangazi alikuja kliniki kwa jino bovu la kweli, akarudi kwa la pili, akaja kwa la tatu, na mabovu yakaisha. Yamebaki manne ya mbele, imara kama misumari. Wiki iliyopita akapanda ngazi zote akaandikisha miadi mwenyewe. Nikamwambia, shangazi, jino hili ni zima.

Akaniuliza, "Ni lako?"

"Si langu, ni lako."

"Basi ng'oa."

Nikamwambia nitakwenda nyumbani kwake nimsimulie bila kumtoa hata unywele. Nikaenda Jumapili. Akazima televisheni, akakunja mikono, akanitazama. Mshauri, halikutoka neno. Nikaomba kijiko nikishike, pengine mkono unahitaji chuma, wapi. Nikamwomba akae karibu na dirisha apate mwanga, wapi. Mwishowe akanihurumia, akasema, "Naona wewe mwanangu bila jino huwaki." Tena akaniapia kwamba nikikataa Ijumaa ataenda ng'ambo ya barabara kwa mwenzangu tunayemwita Kimya, kwa sababu anang'oa bila hata salamu, aling'oe yeye, kisha aje kwangu na pengo lake kudai haki yake.

Nilijaribu kuacha hadithi kabisa, siku mbili, nikarudia ganzi tupu. Wagonjwa watatu walishuka ngazi na midomo imepinda. Je, nimng'oe shangazi, nimkatalie aende kwa Kimya, au nifunge kliniki? Nisaidie, sina mwingine wa kumwambia bila kuchekwa.

Ni mimi,
Daktari Niliyekwama Mlangoni

MSHAURI ANAJIBU

Daktari uliyekwama,

Barua yako nimeisoma nimeshika shavu. Pole sana. Pole yenyewe imeishia hapo, sasa tuseme.

Jino usiling'oe. Hilo hukuhitaji kuniandikia, ulisomeshwa miaka mingi upate kutofautisha zima na bovu, usije kuyasahau kwa ajili ya pakiti ya chumvi. Na kliniki usifunge, maana hao uliowazoesha hadithi watapata kinyozi mwenye maneno, na utashangaa mtaa mzima una vipara.

La pili, acha kujishangaa. Unaandika kana kwamba umegundua dawa. Tangu lini mtu akasubiri jambo la kutisha mdomo umefungwa? Nenda wodi ya wazazi usikilize wanawake wanaongojea uchungu wanavyosimuliana mabaya ya wakwe zao. Nenda msibani: siku ya kwanza watu wanalia, siku ya pili kuna mmoja anaanza, mnakumbuka marehemu alivyokalia kiti kibovu, na hapo ndipo wafiwa wanakula kwa mara ya kwanza. Binadamu hawezi kumeza maisha makavu, atakabwa. Hadithi ndiyo maji yake. Fundi bomba wako aliogopa kama sisi wote, ukampa mahali pa kukaa pasipokuwa kitini kwako. Ulifanya vizuri. Ila usivimbe kichwa, wewe si msimuliaji hodari. Mtu hodari hakwami mwezi mzima kwenye kizingiti. Wewe ni mtu aliyemsogelea mwenzake dakika kumi akamwambia jambo huku anamtazama, na nyumba nyingi siku hizi hilo halipo, ndiyo maana watu wanalitolea magego.

Sasa nikukaripie vizuri. Umeniandikia mistari mingi juu ya bwana wa chumvi, wodi nzima ya watu wake, meli, kifungo. Halafu mume wa shangazi yako ukampitia mbio kama mtu anayepita mbele ya mbwa asiyefungwa. Rudi ukausome ule mstari wako. Mtu mzima aliondoka kwenda jikoni mara moja kunywa maji, akasema anarudi kumalizia. Hakurudi. Na wewe, mtoto uliyelelewa katika nyumba hiyo, miezi michache baadaye unafungua mdomo bila kujua maneno yanatoka wapi, na linalotoka ni bwana aliyeondoka mara moja kuazima chumvi, ila wa kwako ukamrudisha. Hukujua yanatoka wapi? Mimi sijawahi kukuona, na nimejua.

Shangazi yako alijua tangu jino la kwanza. Ndiyo maana wengine wote wanasingizia maumivu, yeye hakusingizia kitu. Alikwambia ng'oa. Mwalimu wa hesabu anataka mwisho wa hadithi. Huyu mama anataka kuufungua ule mlango amkute mtu amesimama, na jino moja kwake ni bei ndogo sana.

Na ndiyo maana hujui mke alisema nini. Utajuaje, wewe ni nani mle ndani? Si neno lako hilo. Kuna mtu mmoja tu mwenye kulijua, na wewe umemkalisha kitini, umemjaza pamba mdomoni, umemwambia asiseme.

Tena umenieleza kwamba Jumapili ulikwenda kumtembelea. Hukunieleza Jumapili ya kabla ya hiyo ilikuwa lini, nami nimeona hukunieleza. Ulikwenda kwa mjane, ukaomba kijiko. Kama angekuwa shangazi yangu ningekupa mwiko, na si mkononi.

Basi fanya hivi, na usinibadilishie.

Ijumaa miadi iwe pale pale. Mpokee chini dukani, usimwache apande ngazi kumi na nane peke yake, ana umri yule. Mwambie dada wa mapokezi awatulize waliopo barazani, na mwalimu wa hesabu, ambaye bila shaka atakuwepo ingawa alisusa, atolewe sikio mlangoni. Koleo lifungie kabatini. Kisha kitini panda wewe. Ndiyo, wewe. Lala, ujifunge kile kitambaa, taa ikumulike machoni ujue watu wanaonaje, na shangazi mpe kile kigoda chako cha magurudumu. Atakuuliza umeingiwa na nini. Usijieleze. Muulize tu, "Shangazi, yule mke alipofungua mlango alisema nini?" Ukishamuuliza, chukua pamba uweke shavu la kulia, uweke na la kushoto, ufungue mdomo.

Atanyamaza kwanza. Muache, ganzi nayo ina dakika zake. Pengine ataanza na matusi, miaka kumi na moja si mchezo, na bwana yule anastahili. Pengine hataanzia mlangoni kabisa, ataanza na bosi aliyejifungia stoo, atakumalizia mwenyewe habari aliyoachiwa nusu, alivyoipanga kichwani mwaka mzima anamenya viazi peke yake. Huo ndio mwisho anaoutafuta, mpishe apite. Usimrekebishe jina la mtu wala tarehe. Akilia, pamba unayo ya kutosha, mpe na yeye.

Wagonjwa wako waambie hadithi imehamishwa, iko kwa mwenyewe, na wataisikia siku mwenyewe akiridhia. Watalalamika. Waanzishie nyingine, na safari hii uangalie unaiokota wapi. Kwa Kimya nenda kamsalimie leo hii, umwambie akimwona mama mwenye meno manne ya mbele asimguse, amrudishe kwako. Labda na yeye atajibu kitu, labda hana mtu wa kumsemesha.

Jambo la mwisho. Shangazi yako amekaa miaka mingi na msimuliaji, mbinu zao anazijua. Usishangae akifika pale mke anapofungua mdomo, akatazama saa, akachukua mkoba wake na kukwambia mengine ni Ijumaa ijayo. Akifanya hivyo hakuna kubembeleza, hakuna kununa, wala kumfuata kwenye ngazi. Ijumaa ijayo panda tena kitini ufungue mdomo. Wewe bado kijana, meno unayo mengi.