Santuri za Marehemu Zimo Chini ya Magunia ya Tangawizi

Mpendwa mshauri Bi Mwanaidi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo wewe na wenzako wote mnaotengeneza hilo gazeti, sisi huku Mamba hatujambo kwa kiasi chake, mimi mwenyewe mzima ila magoti, mama mkwe wangu bibi Hedwiga yupo, anakula, na kusikia anasikia akitaka, binti yangu Victoria yupo kidato cha pili hajambo yeye na mdomo wake, shemeji yangu Asheri wa nyumba ya chini mguu umepona ameanza kushuka tena shambani, mbuzi wamezaa, mvua ilichelewa lakini tangawizi haikutuaibisha, hofu ni kwako tu. Naomba msaada wako mama, na uniwie radhi kwa mwandiko, mimi niliishia darasa la nne na barua zangu huwa ananiandikia Victoria, lakini hii siwezi kumpa mtu aandike kwa sababu atakayeiandika atajua. Nimechagua gazeti na sio redio maana mwanangu redio anasikiliza, gazeti huwa analiona likiwa limefungia maandazi.

Jambo lenyewe linamhusu huyo mwanangu, kifungua mimba wangu Eliamini, ana miaka ishirini na saba, ni fundi simu pale Same mjini, si mlevi, si mhuni, kila mwezi ananikumbuka hata kwa sukari, na amechumbia binti mzuri sana wa Gonja anaitwa Rogathe, nesi, ana adabu na mikono ya kazi. Sasa huyu mtoto ameingiliwa na ugonjwa wa maboksi. Boksi lenyewe linatoka Ulaya, kubwa kama mfuniko wa sufuria ya msibani, ndani mna santuri, zile sahani nyeusi za zamani, nne au tano, na kitabu kizito cha picha za vijana wa Kizungu wenye nywele ndefu na suruali za kubana. Nyimbo ni za magitaa, wanaziita roki, na hayo maboksi wanayatoa kusherehekea kwamba nyimbo zimetimiza miaka hamsini. Mimi nilijua jubilei ni ya ndoa na ya usharika, kumbe na nyimbo nazo zina jubilei, ila jubilei yao hiyo mwalikwa ndiye anayelipa. La kwanza lilimtoka laki nne na themanini, bado ushuru. La pili laki saba. Sasa kuna la tatu, milioni moja na laki sita, ameshatanguliza kidogo na hiyo kidogo hairudi, na nyimbo ni zile zile za boksi la kwanza. Nilimuuliza, baba, si unazo hizi? Akasema, "Mama, hizi zimesafishwa upya." Nikamwambia, kwani zile za kwanza walikuuzia chafu? Akacheka.

Rogathe alinipigia simu mwezi uliopita, akaniamkia vizuri, akauliza hali ya bibi, halafu akasema, "Mama, naomba kuuliza tu, hivi mimi ni wa ngapi? Nakuja kabla ya maboksi au baada?" Nikamwambia mtoto wa watu mtandao unakatika, na ulikuwa haukatiki.

Basi Jumapili iliyopita Eliamini alipanda kuja nyumbani, nikampakulia makande, akala, akashiba, akabaki anazungusha kijiko kwenye sahani tupu, nikajua kuna kitu. Akasema, "Mama, ile hela ya tangawizi." Bi Mwanaidi, ile hela ni ya kumalizia mahari, tumeahidi tutaifikisha Gonja mwezi wa kumi na mbili, nimeilima mimi mwenyewe kwa haya magoti. Akasema nimwazime, atairudisha kabla ya siku hiyo, na hili ndilo boksi la mwisho. Victoria alikuwa anaosha vyombo pale nje, akapaza sauti, "Kaka, nyimbo zimetimiza hamsini, wewe mahari utatimiza lini? Au Rogathe naye tumsubiri mpaka asafishwe upya?" Nikamkemea, lakini moyoni nilisema mtoto amesema.

Eliamini hakukasirika. Na ndipo aliposema neno lililonifanya nikuandikie. Lakini ili uelewe lazima nirudi nyuma kidogo, nisamehe.

Mume wangu marehemu Sadock alikuwa fundi wa jenereta hospitali ya misheni. Kulikuwa na daktari mgeni, siku anarudi kwao alimwachia gramafoni na santuri tisa, akamwambia wewe ndiye pekee uliyekuwa unasimama dirishani kwangu kusikiliza. Sadock Kiingereza hakukijua, lakini nyimbo alizijua zote, aliziimba kwa maneno yake mwenyewe, kila Jumapili tukitoka ibadani anafungulia, ng'ombe wa Asheri wanashtuka kule chini. Santuri moja ilikuwa na mkwaruzo. Wimbo ukifika mahali fulani sindano inaruka, inarudia neno moja, inarudia, inarudia, na Sadock anapiga mguu wa meza kwa kisigino, pa, anasema "Twende kazi," na wimbo unaendelea. Eliamini alipofikisha miaka minne ile kazi akapewa yeye. Anakaa chini ya meza anasubiri, wimbo ukikwama anapiga teke lake, baba yake anamwambia ahsante fundi. Mtoto alikuwa haendi kucheza mpaka kazi hiyo iishe.

Sadock alifariki mwaka elfu mbili na kumi, Eliamini ana miaka kumi na miwili, Victoria bado namfunga mgongoni. Mwezi haujaisha akaja mhubiri mgeni, akafundisha kwamba nyimbo za namna ile majumbani mwetu zinafunga baraka, na watu wakaniangalia, kila mtu alizijua zile nyimbo, zilikuwa zinasikika mpaka kisimani. Hakunilazimisha mtu, nisiseme uongo mwingine tena. Niliogopa. Nilikuwa mjane wa wiki tatu, nikaona nisipofanya kitu na likampata mtoto baya, watasema ni mimi. Nikawasha moto nyuma ya nyumba, nikachoma yale majalada ya santuri yenye mapicha, watu wakaimba, na Eliamini amesimama pale kwenye migomba anaangalia. Hakulia. Siku tatu hakuongea na mimi, ya nne akaniomba chumvi, tukaendelea kuishi.

Lakini mama, nilichoma majalada tu. Santuri zenyewe nilishazitoa asubuhi yake, nikazifunga moja moja kwenye mashati ya kazi ya Sadock, nikaziweka kwenye sanduku la bati, na sanduku liko stoo chini ya magunia ya tangawizi mpaka leo. Gramafoni niliuza. Kila mwaka mzigo wote ukishauzwa na stoo iko tupu nafungua, napangusa, narudisha. Sina cha kuzipigia, napangusa tu. Na kanisani nilitoa ushuhuda kwamba nimechoma vyote, na kwa ushuhuda ule wakanichagua mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa mimi mpaka leo. Nilisema nitamwambia mtoto akimaliza darasa la saba. Nikasema akimaliza fomu foo. Nikasema akipata kazi. Nimechoka.

Sasa sikia alichosema Jumapili. Nilimuuliza, mwanangu, nyimbo ni zile zile, unatafuta nini humo? Akaangalia chini akasema, "Mama, nazisikiliza zote mpaka mwisho. Ile ya baba ikifika pale mahali, inapita tu. Haikwami. Najua haiwezi kukwama, ni mpya. Lakini mguu wangu unanyanyuka wenyewe." Halafu akacheka kama mtu aliyeona aibu, akaomba maji.

Bi Mwanaidi, kutoka kile kiti chake mpaka mlango wa stoo ni hatua sita. Nikafungua mdomo nimwambie. Nikasikia nasema, "Nikuongeze makande?"

Kwa hiyo nakuuliza, na nisaidie kwa upole maana silali vizuri. Nimefikiria nimpe tu ile hela anunue boksi lake, roho yake itulie na mimi ninyamaze nife nalo, na watu wa Gonja nitawaomba watusubiri msimu mwingine. Maana nikimwambia ukweli, huyu mtoto ataniona mimi ni mtu gani, miaka kumi na tano anakula kwangu na vitu vya baba yake viko mgongoni kwake? Na kanisani nitasimamaje? Jumamosi ya mwisho wa mwezi atapanda kuja kuchukua jibu. Nakuomba mama, ikifika tu barua hii usiiweke chini ya nyingine, nijibu upesi kabla ya siku hiyo. Majina yote nimebadilisha.

Ni mimi mama yake, Mamba.

*

Mama wa Mamba,

Barua yako imeletwa na utingo wa basi, imekunjwa mara nane na inanukia tangawizi. Nimeipandisha juu ya nyingine zote kama ulivyoomba. Pole kwa magoti, pole kwa kufiwa. Najua ni miaka kumi na tano, lakini naona hakuna aliyekupa pole hiyo sawasawa wakati ule. Mjane wa wiki tatu anahitaji kuni na uji, na wewe wakakuzunguka wakikuangalia utachoma nini. Ungechoma hata nyumba. Kwa moto ule sikulaumu.

Kwa miaka iliyofuata nakulaumu, na sitakuwa mpole sana hapo kwa sababu Jumamosi iko karibu.

Umeniandikia ukurasa mzima kuhusu bei ya maboksi. Ni kweli, bei hizo ni za kutisha, na hao wauzaji wanajua wanachofanya, kitu kile kile wanakiosha na kukuuzia tena. Lakini wewe ndiye uliye tayari kulipa bei kubwa kuliko mwanao. Unataka kutoa hela ya mahari, umweke Rogathe wa watu kwenye foleni, uwaombe radhi wazee wa Gonja, yote hayo ili usiseme maneno machache ambayo ungeyasema ukiwa unampakulia makande. Huo si msaada kwa mtoto. Unajinunulia kimya, na hata hicho hutakipata, maana boksi likifika ataliweka, wimbo utapita pale mahali, na mguu wake utanyanyuka tena.

Hela ya tangawizi usimpe. Mwambie hapana, ina kazi yake, na wala usiombe radhi kwa hapana hiyo. Kama anataka boksi, ni mtu mzima, ana mikono, atatengeneza simu mpaka alipate, na kile kidogo alichotanguliza kikipotea amejipoteza nacho mwenyewe. Na Rogathe mpigie simu leo. Umwambie mtandao umerudi.

Kuhusu sanduku, usingoje apande yeye. Shuka wewe. Mwombe Asheri akusaidie kusogeza magunia, akiuliza mwambie una safari, imetosha. Usimtume Victoria, mdomo wake unaujua. Usimwite mchungaji aje awe shahidi, hili si la kikao. Toa santuri, pangusa kwa kitambaa laini kikavu, na nakuomba sana, nawajua ninyi watu wa tangawizi kila kitu mnaanika, santuri usianike juani, zitapinda kama chapati. Zirudishe kwenye mashati yale yale. Hayo mashati usiyafue.

Ukifika Same, hiyo mashine yake ya kupigia ipo pale, si ndiyo anayosikilizia maboksi? Kaa, mwambie yote, kuanzia moto. Usianze kwa kulia, mama. Ukianza kulia yeye atakubembeleza, na akishakubembeleza hatakuwa na nafasi ya kukasirika, na kukasirika ni haki yake, umemcheleweshea kwa miaka kumi na tano. Wala usimwambie nitakupa hizi ukiacha zile. Hizi si zako za kufanyia biashara. Akinyamaza siku tatu, zipo, ulishawahi kuziishi. Ya nne ataomba chumvi.

Na kanisani? Mungu alijua kilichomo kwenye lile sanduku tangu asubuhi ya moto, na kiti cha mzee wa kanisa amekuachia ukikalie. Waliobaki ni wanadamu. Ukimaliza na mwanao, nenda kwa mchungaji wako ukiwa peke yako, mwambie ushuhuda wako ulikuwa nusu. Akikwambia upumzike uzee wa kanisa, pumzika, magoti yako yatafurahi. Lakini usianze na kanisa ukamalizia na mtoto. Yeye ndiye aliyesimama kwenye migomba.

Neno la mwisho. Atazifungua moja moja, na ataitafuta ile yenye mkwaruzo. Mwache aiweke mwenyewe. Wimbo utafika pale mahali, sindano itakwama, itarudia, itarudia, na wewe mkono utakuwasha utake kuinuka kusaidia.

Kaa hapo hapo kwenye kiti. Ile kazi alipewa yeye.

Bi Mwanaidi