Petroli si Manukato

Alhamisi, 11 Julai

Plagi ya pikipiki imekataa tena kutoka. Niliitia mafuta ya taa asubuhi, nikarudi na spana baada ya Adhuhuri. Haisogei. Ngozi ya kiganja imechubuka, kucha nyeusi. Mwanamke wa eda hapaki hina. Basi mimi nimepaka oili chafu.

Mavyaa alipita na birika la udhu, akaniangalia, akaguna. Mamake mume wangu Abdalla hasemi, huguna. Leo ameguna sana.

Jumamosi, 13 Julai

Imetoka! Imeoza kama jino bovu. Nimeiweka kwenye kisahani juu ya cherehani yangu, niitazame ninaposhona.

Niyaandike haya yote, maana kichwani yananichemka.

Pikipiki ilikuwa ya mume wangu Abdalla, Mungu amrehemu. Imelala bandani hapa uani tangu siku kiharusi kilipomwangusha. Turubai juu, kuku wakitagia kwenye kiti. Alipougua nilitaka kuiendesha mimi, nikimbilie dawa hospitali nirudi kabla hajaamka. Kuendesha nilijua. Yeye mwenyewe alinifunza, baada ya Alfajiri, barabara ya Mambrui, mimi mbele yeye nyuma akipiga kelele za breki. Shemeji yangu Swaleh, mdogo wake Abdalla, akachukua ufunguo. Ati mke wa watu hapandi pikipiki mjini. Hajaurudisha hadi leo. Miaka yote ile nimeifuata dawa kwa miguu, juani, nikimwacha mgonjwa na mama mzee.

Siku ya arobaini ndugu wakakaa kuzungumza mirathi. Sisi hatukujaaliwa mtoto, kwa hivyo Swaleh ana fungu lake. Sikatai. Lakini pikipiki Abdalla alinipa akiwa hai, kwa ulimi wake mzito, akininyooshea kidole mimi kisha bandani. Nilisema hivyo kutoka nyuma ya pazia. Swaleh akacheka.

"Yako? Haya. Siku utakayotoka eda, ikitoka mlangoni kwa moto wake, bila kusukumwa, chukua. Isipotoka, naleta lori la vyuma chakavu."

Wanaume wote wakacheka. Nikasema sawa. Nilisema kwa sauti, wasije wakadai hawakusikia.

Jumanne, 16 Julai

Nilitaka kumwita Fundi Charo wa pale steji ya bodaboda aje aitazame injini. Habari ikamfikia Swaleh, sijui kwa mdomo wa nani. Akaja barazani akapaza sauti mtaa mzima wa Shela usikie.

"Mwanamume asiyekuwa maharimu hatii mguu uani kwa mwanamke wa eda! Awe fundi, awe jirani, awe yeyote!"

Mavyaa akaguna kumkubalia.

Haya. Eda naikaa. Naikaa kwa ajili ya Abdalla, simkalii Swaleh. Sitoki, sijipambi, sitii wanja. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia mjane asishike spana.

Nimempigia Kadzo. Huyu ni mwanamke mwenzangu na rafiki yangu, anauza mboga, anakaa Kisumu Ndogo, na steji ya Charo iko njiani kwake. Atabeba vipuri kwenye kikapu, chini ya mchicha. Charo atanielekeza kwa simu. Mikono itakuwa yangu.

"Bi Mwanahawa," Kadzo kasema, "mwaka huu utatuua kwa vituko." Kisha akauliza spana ya ngapi.

Jumatano, 24 Julai

Pistoni ilikuwa imeshika, haisogei. Charo aliniambia niimiminie oili kupitia tundu la plagi, niiache, nisiilazimishe. Nimeiacha. Kila siku naikanyaga kiki kidogo kwa mguu, inanikatalia, naondoka.

Leo imeshuka. Polepole, ikitoa sauti kama mtu anayeamka. Nikakaa chini kwenye saruji nikalia. Si kwa furaha tu. Nimemkumbuka mume wangu, ndiyo hivyo.

Ijumaa, 2 Agosti

Tangi. Ukitazama ndani ni kutu tupu, inabambuka vipande vipande. Charo alisema lioshwe kwa dawa inayouzwa duka la vipuri. Nikamwambia dawa ninayo jikoni. Sinia za shaba za nyumba hii tumezisugua kwa ukwaju tangu enzi za mamake mavyaa, na zinameta. Kutu ni nini mbele ya ukwaju?

Nimechemsha sufuria nzima. Nimemimina, nimetia na kokoto za pwani, nimelitikisa tangi mpaka mabega yakaniuma. Maji yametoka kama mchuzi wa pweza. Nimerudia. Ndani kumekuwa kweupe.

Nimejisifu peke yangu. Hakuna mwingine wa kunisifu.

Ijumaa, 9 Agosti

Swaleh alikuja baada ya swala kula pilau ya mamake barazani. Mie nyuma ya pazia, nashona. Akavuta pumzi.

"Nyumba inanuka petroli. Mwenye eda hajitii manukato, mama, au mmesahau?"

Nikamjibu: "Petroli si manukato, shemeji. Lakini ukiona inafaa, nikutilie kichupa uende nacho msikitini Ijumaa ijayo."

Mavyaa akakohoa, na kikohozi kile sikuwahi kukisikia kabla ya leo. Nadhani mama mzee alikuwa anacheka.

Alhamisi, 15 Agosti

Tairi mpya. Kadzo alizivaa mabegani kama mikufu kutoka sokoni hadi hapa, watu wakimshangilia, yeye akiwatukana. Nyaya za breki mpya. Cheni nimeiloweka, nimeisugua kwa mswaki, inazunguka.

Imebaki ufunguo. Kumwomba Swaleh? Afadhali nisukume pikipiki hadi Ganze.

Charo kaniambia kuna waya mweusi wenye mstari mweupe. Huo ndio unaozima injini unapogusana na chuma. Ukiukata, injini itawaka bila ufunguo, shida itakuwa kuizima. Nikafikiri. Nikachukua swichi ya taa iliyokuwa imebaki tulipotia umeme jikoni, nikaiunga kati ya ule waya na chuma, nikaifunga kwenye usukani kwa utepe. Sasa ukiiwasha swichi, pikipiki inazima. Ukiizima, inawaka. Kinyume kabisa, na mimi naipenda hivyo hivyo.

Jumanne, 20 Agosti

IMEWAKA.

Moshi umejaa ua, kuku wamekimbilia kwa jirani, mavyaa kafunga madirisha. Ilinguruma muda wa kusema bismillahi na alhamdulillahi. Kisha ikafa.

Haidhuru. Imewaka.

Jumatano, 21 Agosti

Inawaka, inakufa. Inawaka, inakufa. Nimebadilisha plagi. Nimekaza kila kinachokazika. Mguu wa kiki umevimba. Nimeirusha spana ikatoboa ndoo ya mavyaa ya kufulia, na mama hakuguna hata, alinitazama tu. Nimeona aibu.

Siku zinakwisha. Ikifika mwisho wa eda iko hivi, itaburutwa nje mbele ya macho yangu na nitasimama kama mjinga niliyesema sawa kwa sauti kubwa. Na kila mtu atasema, tulimwambia.

Sitaki kulala. Sitaki kula. Nimemchukia Swaleh leo kuliko siku zote, na yeye hata hakuja.

Jumatatu, 26 Agosti

Nilifungua kabureta nikampelekea Charo kwa kikapu cha Kadzo. Akanipigia. Alikuwa anacheka hata kusema hawezi.

"Mama, hii pikipiki umeiungia mchuzi?"

Nyuzi za ukwaju. Sikuuchuja! Sinia husuuzwa, nyuzi zikaenda zake. Tangini zilikaa zikisubiri petroli izisukume, zikaja kuziba kitundu ambacho hata sindano yangu nyembamba haipiti. Charo anasema ameona mchanga, ameona mende, ameona kiota cha nyigu. Ukwaju hajaona. Steji nzima imenijua sasa. Wameanza kuniita Mama Ukwaju, na Kadzo msaliti ndiye anayeniletea habari hizo huku akishika mbavu.

Wacheke. Kabureta imerudi safi. Tangi nimelisuuza tena na tena, na nimeshona kichujio kwa kitambaa laini cha bitana nikakivisha kwenye mpira wa petroli. Tangu leo hakuna unyuzi utakaopita hapo bila ruhusa yangu.

Jumapili, 1 Septemba

Imewaka, haikufa. Nimeiacha ingurume nikishona rinda la mteja kando yake. Sauti moja, haikwami, haikohoi. Nimewasha swichi, ikazima. Nimekula sahani mbili za wali.

Jirani wamesikia. Maana yake Swaleh naye atasikia. Na asikie.

Ijumaa, 6 Septemba

Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbaya.

Lori limekuja leo. Kabla ya siku yake. Swaleh na wapakizi wawili, wakagonga mlango wa uani. Ati kapata mnunuzi, ati mimi nimekwisha kuichezea inatosha, ati ile ya kutoka kwa moto wake ilikuwa mzaha wa barazani. Mzaha! Nimemwaga jasho tangu Julai kwa mzaha.

Sikuweza kutoka nikaziba njia. Sikuwa na mwanamume wa kunitetea. Nikasimama kati ya mlango na pikipiki, nimevaa nguo zangu za eda, nikasema kwa sauti ya kufika barabarani:

"Nani maharimu wangu hapo nje?"

Wakagonga tena.

"Nauliza. Wewe ndiye uliyesema. Awe fundi, awe jirani, awe yeyote, asitie mguu."

"Mimi ni shemeji yako, Mwanahawa. Fungua."

"Shemeji si maharimu, sheria yamruhusu kunioa. Muulize mamako."

Mavyaa alikuwa ameketi kizingitini kwake na ungo wa mchele. Wala hakuinua kichwa. Nikajua nimekwisha. Swaleh ni mwanawe wa pekee aliyebaki, na mimi ni nani?

"Swaleh," akasema, na mkono bado unachambua. "Humu hamna mwanamume atakayeingia. Ulisema mwenyewe, nami nilikubali. Mpaka eda iishe."

Mpakizi mmoja nikamsikia akinong'ona, "Astaghfirullahi, tajiri, hukutuambia kuna mama wa eda." Wakarudi kwenye lori. Swaleh alisimama nje kidogo. Kisha nikasikia viatu vyake vikiondoka.

Eda ile ile iliyonifunga mimi ndani imemfunga yeye nje. Nimecheka mpaka nikaketi chini. Nikamwendea mavyaa nimbusu mkono. Akaniambia nimetia oili kwenye mchele.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimetoka eda.

Asubuhi wanawake wa mtaa wamekuja. Nimeogeshwa, nimevishwa nguo mpya, nimefukizwa udi mpaka macho yakatoka machozi. Wamemsomea Abdalla. Nimemlilia vizuri, bila haraka. Kisha nikasimama, nikavaa buibui, nikavaa helmeti juu ya mtandio, nikaenda bandani. Wanawake wakanifuata hadi mlangoni na vikombe vyao vya kahawa mkononi.

Swaleh alikuwa barazani na wenzake. Alikuja kuangalia.

Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Mtu akacheka. Nikainama kuangalia: koki ya petroli nilikuwa sijaifungua. Nikaifungua, nikajifanya narekebisha buibui, nikakanyaga.

Ikawaka.

Nimetoka mlangoni kwa moto wake. Nimepita mbele ya baraza polepole, kila mmoja amuone anayeendesha. Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kumwambia, nimeyafanyia mazoezi wiki nzima. Yakanipotea. Nilikuwa nashughulika na klachi. Kadzo ndiye aliyepiga vigelegele, nyuma yangu, mpaka nikakata kona.

Nilikwenda hadi mbele ya Mambrui nikarudi. Breki ya nyuma inalia. Taa moja haiwaki. Nimechoka, na nina furaha ambayo sikuitegemea mwaka huu.

Jumatatu, 16 Septemba

Mvua ndogo alfajiri. Nimeipangusa pikipiki kwa kitambaa.

Nilipokuwa naitoa, mavyaa alikuwa amesimama mlangoni. Amevaa buibui lake la kutokea, kikapu mkononi. Hajafika sokoni sijui tangu lini.

"Sokoni," akasema. "Na usikimbize."

Nikamsaidia kukaa upande. Mwepesi kama mtoto. Akanishika kiunoni kwa mikono miwili, na kwenye matuta alinibana zaidi. Watu waligeuka. Sikuwatazama.

Muuza samaki alimjua. Akamwamkia, akamuuliza hali, kisha akaniangalia mimi na helmeti yangu, akaiangalia pikipiki, akauliza ni ya nani ile, ya marehemu au ya Swaleh?

Mavyaa alikuwa anamfunua samaki changu shavu atazame damu.

"Ya mkaza mwanangu," akasema. "Huyu hapa."

Kisha akaanza kugombana naye juu ya samaki. Tulichukua changu wawili na ndimu, tukarudi.