Majivu Niliyoyakata Kwenye Video

Alhamisi, jioni. Tunduma leo ina baridi ya kukunja vidole, na upepo umeshinda ukitupulizia vumbi la foleni ya malori hadi ndani ya karakana. Nimefunga mapema. Jirani nimemwambia kichwa kinaniuma.

Hakiniumi. Leo nimemdanganya mtu anayeniamini, tena kwa sauti ya upole kabisa.

Mnaopita hapa mnanijua. Nachomelea mageti na kenchi kwa riziki, na jioni naandika masomo ya chuma. Nilianza kwa hasira. Nilitaka kujua kwa nini chuma kimoja kinapinda na kingine kinakatika, na kila nilichopata kusoma kilikuwa kwa Kiingereza, nami Kiingereza changu ni cha kuuzia Wazambia mageti. Nikasoma hivyo hivyo, kamusi mapajani. Nilichoelewa nikakiandika kwa Kiswahili, kisha nikaanza na video. Sasa ukitafuta kwa lugha yetu habari za kaboni ndani ya chuma, haupiti muda unakutana na mimi na miwani yangu ya kuchomelea. Jambo hilo limenipa kiburi, siwezi kuficha. Kuna fundi wa Nakonde, hapo ng'ambo ya mpaka, aliwahi kuniandikia "Natotela sana, mwalimu," yaani asante sana kwa Kibemba, nikashinda siku nzima natembea kama nimevishwa joho.

Video iliyopendwa kuliko zote ni ile ya springi za malori. Hapa mpakani springi chakavu hazikosekani, kila fundi ana rundo lake nyuma ya karakana. Nilionyesha jinsi ya kuzitambua kwa grenda: chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka, springi hutoa cheche zinazopasukapasuka, maana ina kaboni nyingi. Halafu nikaiunga springi na kipande cha chuma. Ikashika. Nikatabasamu kwenye kamera.

Kuna kitu hamkukiona.

Springi haiungwi ikiwa ya baridi. Unaipasha kwanza kwenye mkaa mpaka ipate moto wa kutosha, na ukimaliza kuchomelea unaifukia kwenye majivu makavu ipoe taratibu, hata ikilala humo. Ikipoa haraka, pembeni ya kiungo panakuwa pagumu kama kioo na panapasuka kama kioo. Mimi nilifanya yote hayo. Nilirekodi yote. Kisha nikaikata sehemu hiyo.

Nilijiambia nawahurumia watu bando zao. Ukweli ni kwamba niliitazama nikajiona nimechuchumaa mbele ya mkaa na majivu, kitenge kiunoni, nikawasikia kabisa mafundi wa mji huu wakisema, tazameni, dada anachoma viazi. Nikaona aibu. Nimehangaika sana kuitwa fundi, na sikutaka mtu anione kama niko jikoni.

Leo asubuhi akapiga simu Masanja. Ni mfugaji wa Kamsamba, kule bondeni kwenye joto, aliyeuza ng'ombe akanunua mashine ya kuchomelea, na ufundi wote amejifunza kwenye simu. Ananizidi umri, lakini huniamkia shikamoo. Mwanzoni nilikuwa nacheka.

Alikuwa ameunga kipande cha springi kwenye ekseli ya mkokoteni wa ng'ombe wa mdogo wake. Wakiwa wanatoa mpunga shambani kiungo kikakatika, mkokoteni ukalala upande, magunia yakamwangukia Mama Limi, mke wa huyo mdogo wake, aliyekuwa akitembea kando. Amevunjika mguu.

Hakupiga kunilaumu. Alipiga kuuliza.

"Mwalimu, video yako nimeirudia mpaka watoto wanaijua kwa kichwa. Nilikosea wapi?"

Kabla hajamaliza nilishajua. Nikamjibu, "Labda fimbo zako za kuchomelea zilikuwa na unyevu, kaka."

Akakubali. Alisema ni kweli, hakuzihifadhi vizuri. Alisema mdogo wake hamsemeshi tangu siku hiyo, na ana haki, na kwamba kesho mtu wa Mkwajuni anakuja kuinunua mashine, yeye ufundi basi. Halafu akanishukuru.

Akanishukuru!

Nilirudi kwenye geti la mteja nikafunga bawaba juu chini. Nikawa najitetea peke yangu: mtu mzima alipaswa kuuliza kwanza. Amuulize nani? Aliyekuwa akimuuliza ni mimi. Mchana nikaifuta ile video, nikidhani nitapata nafuu, lakini nilijihisi kama mtu anayefagia nyayo zake asijulikane alikopita.

Saa kumi nikampigia. Simu ikakatika, mtandao wa kule, na aibu iliyoje, nilifurahi. Nikapiga tena. Akapokea. Nikamwambia yote bila kupamba: mkaa, majivu, nilivyokata na kwa nini, na uongo wa asubuhi juu ya fimbo zake.

Nilisikia ng'ombe, na mtu anakohoa kwa mbali. Nilikuwa nasubiri anitukane. Nilitamani anitukane.

"Kwa hiyo haukuwa mkono wangu?" akauliza.

"Haukuwa mkono wako, kaka."

Akashusha pumzi ndefu. Sijawahi kusikia mtu anafurahi namna ile kwa jambo la kusikitisha namna ile, na hapo ndipo nililia. Kisha akasema, "Mimi umenitua mzigo, mwalimu. Ila hapa nyumbani nikiwaambia mwenyewe, wataona najitetea. Njoo uwaambie wewe."

Nikataka kumwomba aweke simu sauti kubwa, niyamalize hapo hapo. Neno lilifika mdomoni. Nikalimeza, nikasema nitakuja.

Somo la springi nitalirekodi upya, na majivu yatakuwepo, na kitenge kitakuwepo, atakayecheka acheke. Wenye video ile kwenye simu zenu, msiifuate. Niandikieni hapa chini kama kuna kitu mmeshakiunga kwa njia ile, na msikipakie mzigo.

Lakini kesho alfajiri nashuka Kamsamba kwanza. Nimenunua sukari na sabuni, kama mtu yeyote anayekwenda kumjulia hali mgonjwa. Viko hapa mezani, navitazama. Mama Limi hanijui, atapokea kwa mikono miwili na kuniita mgeni.

Nimkabidhi kabla sijasema, au baada?