Chuo Kilichelewa Kufunga

Jumapili, 25 Januari

Nimepiga pasi sare ya uuguzi. Nimesoma dozi za watoto mpaka macho yanawasha. Mtihani kesho saa mbili asubuhi. Nje mvua inaganda ikianguka, mji wetu wa Irving wote unang'aa kama imepakwa shira. Shule za watoto zimeshatangaza kufunga. Shangazi Mwanaisha, anayenilea huku, kaambiwa asiende kazini uwanja wa ndege. Chuo chetu: "Tunafuatilia hali ya hewa." Wanafuatilia nini? Si watoke nje tu.

Jumatatu, 26 Januari

Nimeswali alfajiri, nikatazama simu. Hakuna kitu. Mhadhiri alishasema: asiyefika, sifuri. Shangazi akasimama mlangoni. "Salma mwanangu, usende. Hicho chuo hakitakuzika." Nikatoka.

Njia nyeupe, tupu. Hata tairi halisikiki. Nilikuwa kama naendesha ndani ya wingu. Juu ya daraja usukani ukawa mwepesi ghafla, kama wa gari la kuchezea. Gari likaanza kuzunguka. Polepole, polepole sana. Taa, mbingu, ukingo, taa tena. Sikuogopa. Niliwaza tu: kumbe kuna kimya cha namna hii. Kisha ukingo ukanipokea.

Mlango umebonyea. Mimi mzima.

Bado nimeshika usukani, simu ikalia. Chuo. Leo tumefunga, kaeni nyumbani salama.



Jumanne, 27 Januari

Chuo bado kimefungwa. Bega linauma. Nimelala mchana, nikaota nazunguka juu ya ziwa la barafu, pana, halina mwisho. Nilitamani nisiamke.

Nimeamka na hasira. Nikampigia mkuu wa idara. Akaniambia uamuzi wa kufunga hutoka juu, si kwake. Nikamwambia, "Ujumbe wenu ulinikuta darajani, gari limeshagonga." Halafu akauliza kama nimeumia. Machozi yakanitoka. Sikutaka kulia mbele yake, hata kwa simu. Basi.

Alhamisi, 29 Januari

Mtihani umesogezwa wiki ijayo. Hakuna sifuri kwa mtu. Kuhusu saa ya kutangaza kufunga, "litajadiliwa." Siwaamini. Safari nyingine njia ikiganda, sitoki, watangaze wasitangaze.

Jua limetoka. Barafu inadondoka kutoka paani, maji yanapita taratibu kwenye ngazi. Shangazi anapika mahamri, hajaniambia "nilikwambia." Amenisogezea kiti tu.